BAISKELI ZA MBIO ZILIZO STOO: MSIZIUZE, TUZITENGENEZE

(Mazungumzo ya fundi wa baiskeli na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Magharibi mwa Kenya. Tumeyaandika jinsi alivyosema, tukifupisha hapa na pale.)

Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu, nimezoea kuinama juu ya gurudumu, kwa hivyo mkiona nazunguka-zunguka mnivumilie.

Nimeambiwa nizungumze juu ya zile baiskeli tano. Mnazijua. Kikundi kilitoa pesa za mzunguko, baiskeli zikatoka kwa mwenye mitumba mjini, tukazipokea kwa nyimbo na chai. Leo ni miezi minane, na zinazotembea ni mbili tu. Tatu ziko stoo, na juzi nilipofungua mlango nilikuta kuku ametaga chini ya moja. Nasikia wengine wanasema tulidanganywa, eti ni baiskeli za Ulaya haziwezi barabara zetu. Nasikia pia kuna pendekezo zipimwe kwa kilo ziende kwa mnunuzi wa vyuma. Nimekuja kuomba pendekezo hilo lingoje. Tena nimekuja kukiri kosa, kwa maana mimi ndiye niliyezikabidhi kwa watu, na mimi ndiye niliyesema neno lililomwangusha mama wa watu.

NENO "UTAZOEA"

Kwanza tujue hii ni baiskeli ya namna gani. Wengi wetu tumekua na Black Mamba. Black Mamba inamkalisha mtu wima kama yuko kwenye kiti cha nyumbani. Usukani unarudi nyuma kumfuata mwenyewe, kiti kina springi, tairi ni nene, na foki yake imelala mbele kidogo ili mashimo yasimfike mtu mikononi kwa nguvu. Ubaya wake ni uzito, maana hupita kilo 20, na haina gia. Kwenye mlima unashuka unasukuma.

Hizi zetu zilitengenezwa kwa kazi tofauti, nyingi za namna hii zikitoka Ulaya katika miaka ya 1970 na 1980. Ni za chuma kizuri chembamba, kilo 12 au 13 hivi, zina gia kumi: sproketi mbili mbele, tano nyuma. Ziliundwa ili kijana ainame aukate upepo kwenye lami laini. Usukani wake umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume, kiti chembamba kama kisu, tairi nyembamba. Kwa kijana wa mbio ni sawa kabisa. Sasa sisi tukamchukua mama wa miaka 47, mhudumu wa afya ya jamii, ambaye kila wiki hupita nyumba hadi nyumba kupima watoto na kuangalia wagonjwa, tukampa kitu hicho tukamwambia nenda.

Siku ya tatu alikuja kwangu. Akaniambia, "Fundi, shingo inauma, na hivi vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi." Mimi nilikuwa na kazi nyingi siku hiyo. Sikumtazama hata. Nikamjibu, "Mama, utazoea."

Wiki ya pili alikuwa akiteremka kuelekea daraja la mto. Kushika breki za usukani wa namna ile lazima uiname chini ndipo mkono upate nguvu, na mkono wake ulikuwa na ganzi. Alipovuta, vidole havikukaza. Alichagua kuingia kwenye majani ya kando kuliko kuingia kwenye mbuzi na mtoto aliyekuwa akiwachunga. Alivunjika mfupa wa bega. Wiki sita mkono umefungwa, na zile nyumba hazikutembelewa. Mama mwenyewe yuko hapa, ameketi pale nyuma, na amenipa ruhusa nilisimulie. Kwa hivyo mkinisikia tena namwambia mtu atazoea, mninyang'anye spana.

Ganzi ile ina sababu. Kuna mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja kwenda kwenye kidole kidogo na jirani yake. Uzito wa kifua ukiegemea pale kwa muda mrefu, mshipa unabanwa na vidole vinapoteza nguvu. Mwili ulikuwa unasema usukani uko chini mno na mbali mno. Fundi hakusikiliza.

TUNAANZA NA MTU

Mafundi tuna tabia mbaya ya kuanza na chuma. Tuanze na mwenye kuendesha. Asimame bila viatu, mgongo kwenye ukuta, ashike kitabu kigumu katikati ya miguu akikivuta juu kama anavyokaa kwenye kiti. Pima kutoka juu ya kitabu hadi chini. Huo ndio urefu wa mguu. Andika kwenye daftari la kikundi, kwa sababu baiskeli za kikundi zinapita mkono kwa mkono na hutaki kupima kila mara.

Halafu asimame juu ya baiskeli, miguu yote miwili chini, bomba la juu likiwa katikati. Lazima ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya bomba na mwili. Ikiwa hakuna nafasi, fremu ni kubwa kwake na hapo hakuna fundi duniani atakayeirekebisha. Mpe mwingine. Kiti unaweza kukiteremsha, fremu huwezi. Ile ya bluu iliyo stoo ni fremu ya mtu mrefu sana na sisi tulimpa msichana wa ushirika wa maziwa. Alikuwa akishuka kwa kuruka.

Akina mama wanaovaa leso na sketi, bomba hilo la juu ni shida, nalijua. Ukiweza kupata fremu ya bomba lililoshuka, chukua hiyo. Ukikosa, ilaze baiskeli upande wako, pitisha mguu juu yake ikiwa bado imelala, kisha uisimamishe. Na suruali ndani ya sketi si dhambi.

Sasa urefu wa kiti. Njia ya zamani ni hii: keti, kanyaga pedali kwa kisigino, pedali ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuyumba. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayetaka hesabu, ipo. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walichapisha kwamba mtu hufanya kazi vizuri zaidi kiti kikiwa mbali na pedali kwa asilimia 109 ya urefu wa mguu. Mama mwenye mguu wa sentimita 76 atapata kama sentimita 83 kutoka pedali ya chini hadi juu ya kiti. Hao walikuwa wanatafuta nguvu. Kwa mtu anayesimama kila nyumba, mimi napunguza sentimita moja au mbili ili mguu ufike chini bila wasiwasi.

Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiti kiko juu mno. Watu wetu wengi hukaa chini mno kwa kuogopa kuanguka, halafu wanasema magoti ni ya uzee.

Kiti chenyewe kiwe sawa, wala kisiinamishe pua. Wekeni pima maji ya fundi wa mawe juu yake. Kuna wanaoinamisha pua ili kuepuka maumivu ya mbele, kisha mwili unateleza, mikono inausukuma usio na mwisho, tunarudi kwenye ganzi ileile. Ikiwa kiti kinaumiza, badilisha kiti. Kile chembamba kinamfaa mtu aliyeinama. Ukikaa wima mifupa ya makalio inahitaji upana, hasa kwa akina mama. Kiti cha Black Mamba chenye springi kinaingia kwenye baiskeli hizi kwa kutumia klampu yake, mradi nguzo ya kiti iwe na ncha nyembamba ya juu. Wale vijana wa boda boda wa kwanza pale mpakani Busia, katika miaka ya 1960, walitia godoro kwenye keria wakapata abiria. Hawakusema abiria atazoea.

Kuna mstari umechorwa kwenye nguzo ya kiti. Ukiona mstari huo nje ya fremu, umevuta kupita kiasi. Nguzo itavunjika au itapasua fremu. Tafuta ndefu zaidi.

USUKANI

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nitachukua muda.

Kwa barabara yetu ya murram na kwa mtu asiye wa mashindano, mikono ikae sawa na kiti au juu zaidi. Tunaweza kuuinua ule usukani wa pembe kwa kulegeza shingo. Bolti ya juu ya shingo unailegeza mizunguko mitatu minne tu, usiitoe. Weka kipande cha mbao juu yake, gonga kwa nyundo mara moja, ile kabari ya ndani itaachia. Ikigoma, mimina oili nyepesi ilale usiku kucha. Msipige kwa hasira. Halafu inua, na hapa pia kuna mstari wa mwisho, uheshimiwe kuliko ule wa kiti. Kiti kikivunjika utaumia, lakini shingo ikivunjika ukiwa mteremkoni huna tena kitu cha kushika. Kabla ya kurudisha, paka grisi shingo na nguzo ya kiti, la sivyo mwaka ujao vitakuwa vimeshikana na fremu kama vimechomewa.

Lakini mara nyingi kuinua hakutoshi, kwa sababu usukani bado uko mbali. Vijana nimewaona wakiugeuza juu chini, pembe zikatazama mbinguni. Inapendeza machoni, lakini breki zinakaa mahali ambapo mkono haufiki haraka. Mimi siikubali kwenye baiskeli ya kikundi. Afadhali utoe kabisa uweke usukani wa wima unaorudi nyuma.

Ukibadilisha, kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, unene katikati, pale shingo inaposhika. Nyingi za wima ni milimita 25.4. Za mbio huwa 25.4 au 26. Ukitia ya 25.4 kwenye shingo ya 26 itaonekana imeshika, na siku ukivuta kwa nguvu itazunguka mkononi. Pima kwa kipimo cha vernier, kila fundi wa jua kali anacho au anajua alipo mwenye nacho. La pili, mikono ya breki ya zamani haitaingia, kwa sababu bomba la usukani wa mbio ni nene, milimita 23.8, na la usukani wa wima ni 22.2 pale mkono unaposhika. Nunua mikono ya breki ya usukani wa wima. La tatu linawachanganya wengi: kichwa cha waya wa breki. Waya wa breki za mbio una kichwa kama tunda la pea, ule wa mikono ya wima una kichwa kama pipa dogo. Usichonge kimoja kwa tupa kifanane na kingine. Waya wa breki ni rahisi kuliko hospitali.

Ile ya mama nimeifanya hivyo mwezi uliopita. Usukani nilitoa kwenye Black Mamba iliyokufa fremu, na kwa bahati ulikuwa wa kufungua, maana nyingine huja zimeunganishwa na shingo yake. Mikono ya breki na waya nilinunua. Gharama yote haikufikia bei ya jogoo wawili.

TAIRI: SOMENI NAMBA NDOGO

Nani hapa anajua namba ya tairi ya baiskeli yake? Mmesema 28. Sawa, lakini 28 gani? Hapo ndipo tunapoteza pesa.

Ubavuni mwa tairi, mbali na inchi, kuna namba mbili zimeunganishwa kwa kistari. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokalia rimu. Black Mamba ni 635. Baiskeli nyingi za mbio za zamani ni 630, hizo zinaitwa za inchi 27. Za baadaye ni 622, zimeandikwa 700, na nyingine za hizo 622 nazo zimeandikwa 28! Kwa hivyo mtu akikuambia 28 hajakuambia kitu. Uliza namba ya pili.

Tofauti ya 635 na 630 ni milimita tano tu, na ndiyo maana watu wanajaribu. Kijana mmoja alitia tairi ya Black Mamba kwenye rimu ya 630. Ilikaa vizuri alipoipuliza kidogo. Alipokaza pampu, tairi iliruka nje ya rimu na tyubu ikapasuka kwa mlio, watu wa sokoni wakalala chini. Alishukuru ilikuwa bado imesimama.

Mbili kati ya zile tatu za stoo ni 630. Nimezunguka madukani sikupata tairi yake. Dawa ni kuweka magurudumu ya 622, ambayo mitumba huleta kwa wingi. Rimu mpya itakuwa ndogo kwa milimita nane kwa kipenyo, yaani raba za breki zishuke milimita nne kila moja. Angalia kama breki ina nafasi ya kushuka kiasi hicho kabla ya kutoa pesa. Angalia pia upana wa habu ya nyuma, magurudumu ya siku hizi ni mapana kuliko nafasi ya fremu ya zamani. Ukiona unalazimisha kwa magoti, acha, tuonane.

Faida ni kwamba rimu ikiwa ndogo, nafasi ya tairi inaongezeka. Tia tairi nene iwezekanavyo, 32 kama fremu inaruhusu, ukibakisha nafasi ya kama milimita tano kila upande kwa ajili ya matope. Tairi nene ndiyo springi yenu. Nyembamba inataka upepo mwingi sana, inakuwa ngumu kama jiwe, kila kokoto inafika kwenye uti wa mgongo. Ya 32, kwa mtu wa kilo 65, upepo wa pauni 60 kwa inchi mraba unatosha, nyuma uzidi kidogo kuliko mbele. Asiyekuwa na geji abonyeze kwa kidole gumba, ikubali kidogo tu. Lakini msiache laini mno, rimu itagonga shimo na tyubu itapata matundu mawili kama ya meno ya nyoka.

BREKI, GOROLI NA CHENI

Haya mafundi wa vikundi wanayajua, nitapita haraka. Rimu za chuma zikilowa breki hazishiki, za aluminiamu zinashika. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua aluminiamu. Raba ya breki iliyokauka ikawa inang'aa, itupe.

Baiskeli iliyolala miaka kumi, grisi yake imekuwa gundi. Fungua habu zote, osha kwa mafuta ya taa, tazama koni kama zina mashimo. Goroli nunua mpya, ni za bei ndogo. Kwa nyingi utahitaji tisa kila upande za robo inchi nyuma, kumi kila upande za tatu kwa kumi na sita mbele, na kumi na moja kila upande za robo inchi kwenye ekseli ya kati. Hesabu zilizotoka kabla ya kuosha. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume, msisahau, nimeona kranki nzuri ikiharibiwa na mtu mwenye nguvu. Kama baiskeli ni ya Ufaransa, nyuzi zake za zamani ni tofauti na za Kiingereza, kwa hivyo nendeni dukani na kipande chenyewe mkononi.

Cheni ipimeni kwa rula ya inchi. Kutoka katikati ya pini moja, hesabu inchi 12. Cheni mpya, pini itaangukia 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita, badilisha cheni. Ikizidi kwa moja ya nane, sproketi nazo zimeshaliwa, mpya itaruka-ruka juu yake.

Gia: sproketi kubwa ya mbele huwa na meno 52. Huku kwetu ni ya mapambo. Mimi huiacha cheni kwenye ile ndogo, ya 42 mara nyingi, na nyuma natafuta yenye meno 28. Hapo ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara moja na nusu, na mama anapanda mlima wa shule akiwa ameketi. Kwenye ile kubwa na ndogo ya nyuma ya 14 ni karibu mara nne. Ndiyo maana walishuka kusukuma wakasema gia hazisaidii. Hakuna aliyewaonyesha.

ZA KUKATAA

Nimesema msiziuze kwa kilo, lakini si zote. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, karibu na kichwa cha fremu. Ukisikia mkunjo kama wa ngozi ya shingo, au rangi imepasuka kwa mstari, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa nguvu. Foki iliyorudi nyuma ni hivyohivyo. Usukani wa aluminiamu uliopinda usinyooshwe, utavunjika. Ile nyekundu ya stoo ina mkunjo huo. Mimi nashauri ivuliwe vipande, magurudumu na kranki vitufae, fremu yake iende kwa kilo. Na hili niliwajibika kuliona siku ya kwanza.

Mzee ameuliza kama zikishatengenezwa zitabeba gunia la mahindi. Hapana, mzee wangu. Gunia la kilo 90 ni kazi ya Black Mamba, ambayo gurudumu lake la nyuma kwa kawaida lina spoki 40. Hizi zina 36, na nyuma ni fupi, kisigino kitapiga mzigo. Kikapu cha dawa, mtungi wa lita kumi, mtoto wa shule, hayo yanawezekana kwa keria nzuri iliyofungwa kwa bolti, si kwa mipira.

Na hapo mama mmoja ananiuliza itachukua muda gani mtu kujua kama imemkaa. Siku tatu. Baada ya kurekebisha, endesha siku tatu ukiwa na spana mfukoni. Ukisikia kitu, sogeza nusu sentimita, kitu kimoja kwa wakati mmoja, uandike. Ukisogeza vitatu pamoja hutajua kipi kilikusaidia. Mama mhudumu alirudi kwangu mara nne. Mara ya mwisho tulizungusha mikono ya breki tu, ikafuata mstari wa mkono wake, na nikasogeza skrubu ndogo ili breki zikaribie vidole vyake kwa kuwa mkono wake ni mdogo. Leo amekuja nayo, kilomita saba, iko pale kwenye ukuta. Anasema bega bado humuuma wakati wa baridi.

Mwenyekiti, nimemaliza ya mdomo. Ile ya bluu na ile ya kijani nimezitoa, ziko chini ya mwembe, na nimekuja na tepu, pima maji na spana. Wawili wenye miguu mirefu waje kwanza, tuone ya bluu itamkaa nani.